Ubavu wa Kumi na Tatu

Mwanangu Simaloi,

Umeenda mjini kusukwa, na kwa jinsi ninavyowajua wasusi wa Kitengela, hutarudi kabla jua halijashuka. Mama yako yuko kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mama yangu, Koko wako, amekaa nje ya mlango wake akitazama ukuta wa jirani, kama kawaida yake. Mimi nimetoka zamu asubuhi, nimelala kwa saa mbili tu, nimeamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Basi nimeketi kwenye meza ya jikoni na kalamu ya zahanati, ile isiyoandika mpaka uitikise.

Begi lako liko karibu na mlango. Kesho asubuhi unaondoka kurudi chuoni Kakamega, na wiki ijayo utafanya mitihani miwili ya kurudia, hiyo mnayoiita sapu. Ukiifeli safari hii, chuo kitakurudisha nyumbani na habari ya utabibu itakuwa imeishia hapo. Sote humu ndani tunalijua jambo hilo na hakuna anayelitaja. Tunapakuliana ugali na kuulizana kama chumvi imetosha.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala marafiki wa kuepuka, wala kulala mapema. Mama yako ameshayasema hayo mara tatu, na mara ya nne utayasikia kesho kwenye steji ya magari. Nina jambo moja tu, na nimelibeba vibaya kwa muda mrefu.

Nilikudanganya, Simaloi. Siku ile ulipopata nafasi ya chuo nilikuonyesha cheti changu ukutani nikakuambia kwamba katika miaka yangu yote ya masomo sikuwahi kurudia hata mtihani mmoja. Koko alikuwa amekaa palepale. Aliniangalia, akanyamaza, akaendelea kunywa chai. Alinyamaza kwa sababu alijua ukweli: mimi nilifeli anatomia, na yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, ucheke kidogo.

Unajua nilikulia Kona Baridi, nyuma ya mbuzi. Tangu nikiwa mdogo kazi yangu wakati wa kuchinja ilikuwa kushika miguu, na baadaye kushika kisu. Nilijua maini yamelala wapi, nyongo imejificha wapi, figo zimefunikwa na mafuta gani. Kila kipande nilikijua kwa jina la Kimaasai na kwa mtu anayegawiwa, kwa sababu nyama yetu ina mgao wake na ukikosea mgao utasemwa. Nilipofika chuoni na kuwakuta wenzangu, watoto wa mjini ambao hawajawahi kuona utumbo, wanatetemeka mbele ya picha za kitabu, nilijiona nimeshafika. Nikalala usingizi, wao wakisoma.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kujibu kwa mdomo, mbele ya walimu wawili, na mifupa ya mtu imening'inizwa pembeni. Mwalimu akaniuliza binadamu ana jozi ngapi za mbavu. Nikajibu bila kusita, "Kumi na tatu."

Akasema, "Una uhakika?"

"Nimezihesabu kwa mikono yangu, mwalimu. Zaidi ya mara mia."

"Basi hesabu hizo hapo."

Nikaenda kwenye ile mifupa nikahesabu kutoka juu kwenda chini. Kumi na mbili. Nikahesabu tena kutoka chini kwenda juu. Kumi na mbili. Nikageuka nikamwambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, huyu amepungukiwa ubavu mmoja."

Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Kufikia jioni chuo kizima kilikuwa kimenipa jina, Adamu, yule wa kabla ya Hawa kuumbwa. Jina hilo lilinifuata mpaka nikahitimu. Lakini si ubavu ulionifelisha, na hapo ndipo ninapotaka unisikie. Baada ya kile kicheko yalibaki maswali kumi na moja, na mengi nilikuwa nayajua. Nilifunga mdomo. Niliona aibu, nikawajibu walimu kwa kutazama sakafu, wakaniandikia sifuri moja baada ya nyingine.

Nikarudi nyumbani kama ulivyorudi wewe. Koko akaniuliza kwa nini sili, nikamwambia. Akasema, "Mbuzi ni mbuzi, mtu ni mtu. Rudi ukawaambie hivyo." Nikarudi, nikafaulu. Ila nilirudi na uamuzi mmoja wa kijinga: kwamba kuanzia siku ile, chochote nilichokijua kutoka nyumbani sitakiingiza darasani tena. Nikawa mtu wa kitabu. Nilikariri kila orodha. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza dalili za ugonjwa wowote ningekutajia tano kwa mpangilio, pamoja na ukurasa. Nilipata alama nzuri sana, na cheti ni hicho unachokiona.

Sasa nikueleze kile cheti kilinigharimu nini. Sehemu hii nimeahirisha kuiandika, nimekwenda kuchemsha chai mara mbili.

Ulikuwa darasa la saba Koko alipoanza kuumwa. Wakati huo bado alikuwa Kona Baridi na mbuzi wake. Homa inakuja, inamwacha siku nne, inarudi. Jasho usiku mpaka analowesha shuka. Nyonga zinamuuma, kisha mgongo. Nilikuwa nikienda kumwona siku zangu za mapumziko na begi la dawa, na watu wa pale wananiona nikipita wanasema mama yake daktari ana bahati.

Mara ya kwanza nilimpima malaria, kipimo kikasema hakuna. Nikampa dawa ya malaria hata hivyo, kwa sababu homa ni homa na sisi wote tumezoea hivyo. Mara ya pili nilimpima taifodi, kipimo kikaonyesha ipo. Nikafurahi. Hebu fikiria, nilifurahi kwa kuwa nimepata jina. Nilijua vizuri kwamba kile kipimo kinatafuta kingamwili tu, na kwamba kingamwili zinaweza kubaki mwilini miaka mingi tangu ugonjwa ulipopita. Kinakuambia mwili uliwahi kukutana na kitu fulani, au kinachofanana nacho. Hakikuambii kama kitu hicho ndicho kinachomtesa mgonjwa leo. Hayo nimeyaandika kwenye mtihani na nikapata alama zote. Kwa mama yangu mwenyewe sikuyakumbuka. Mara ya tatu na ya nne nikasema ni uzee, nikampa vidonge vya maumivu.

Na usidhani sikuwaza brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa watu. Niliiwaza. Orodha ilikuwa kichwani: homa inayopanda na kushuka, jasho, maumivu ya viungo, historia ya kunywa maziwa yasiyochemshwa. Nikamuuliza, "Yeyo, mama yangu, unakunywa maziwa mabichi?" Akasema hapana. Na ni kweli, hakuwa anakunywa, kwa sababu mimi mwenyewe nilishamkataza miaka mingi nyuma na yeye akanitii. Nikapiga mstari juu ya brusela, nikaendelea na mambo mengine.

Ilikuwa hivyo kutoka mvua fupi moja mpaka mvua fupi ya pili.

Kisha mbuzi wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine, na ami yako akamwita daktari wa mifugo. Alikuja kijana mmoja amevaa viatu vya mpira, na mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekaa na kikombe changu. Akawatazama mbuzi, akauliza, "Hawa wakizaa, ni nani huwa anawasaidia?"

Koko akanyoosha mikono yote miwili. "Ni mimi. Hawa wote wamepita kwa hii mikono. Huyu alikuwa amekwama, nikamvuta. Yule hakuwa anapumua, nikampulizia kwa pua."

"Na kondo la nyuma, mama?"

"Natoa na mkono. Ningetoa na nini?"

Yule kijana akamtazama Koko jinsi alivyokuwa amekaa, ameegemea upande mmoja kwa sababu ya nyonga. Akamuuliza, kwa upole, "Na wewe mwenyewe, mwili uko aje? Huwa unashikwa na homa?"

Simaloi, sikumeza ile chai. Nilimshika Yeyo mkono nikaugeuza. Vidole vyake vilikuwa na mipasuko ya baridi, ile aliyokuwa nayo maisha yake yote. Nimeiona mipasuko ile tangu nizaliwe. Nilijua pia, tena kwa kitabu, kwamba bakteria wale wanajaa kwenye kondo la mnyama aliyeharibu mimba, na kwamba wanaingia kwa kidonda kidogo tu, kwa jicho, kwa pumzi. Na nilijua kuhusu mbuzi kuliko mtu yeyote darasani mwetu. Nilikuwa na vipande vyote viwili na sikuviunganisha, kwa sababu nilishaapa kutoingiza mbuzi darasani.

Damu yake ikapimwa, ikaonyesha brusela. Akanywa dawa mbili kwa pamoja wiki sita. Mbili, kwa sababu bakteria hawa wanajificha ndani ya zile seli ambazo kazi yao ni kuwaua, na dawa moja peke yake huwaacha wengine wakaamka tena. Ukiulizwa kwa nini wiki sita, jibu ni hilo. Homa iliisha. Mgongo haukurudi. Pingili mbili za chini zilikuwa zimeshaliwa, na ndiyo maana Koko yuko hapa Kitengela akitazama ukuta badala ya kuwa kule akitazama bonde, na mbuzi wake wanachungwa na ami yako.

Nilimwomba msamaha mara moja tu, sikuweza kurudia. Nilimwambia, "Yeyo, mimi ni daktari na nimekuacha ukaharibika mbele ya macho yangu."

Akasema, "Uliniuliza juu ya maziwa, nikakujibu ukweli. Ya mbuzi hukuniuliza."

"Na mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye daktari."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani kweli kwamba lisiloulizwa na daktari halina maana. Nimeishi na maneno hayo mpaka leo na bado yananichoma kila ninapomwona akijaribu kuinuka kitini.

Sasa ungedhani mtu aliyepigwa namna hiyo amejifunza. Ulipoanza chuo nilikupa madaftari yangu ya zamani, yale yale ya orodha. Kila likizo nilisimama hapa jikoni ukikaanga vitunguu, nikisema "Damu!" na wewe unaanza: imetoka mwilini, imeingia chumba cha juu kulia cha moyo, imepita vali hii, imeshuka chumba cha chini, imekwenda mapafuni, imerudi kushoto. Ukikosea vali moja nilikurudisha mwanzo. Nilijisikia vizuri, nikadhani nakufundisha. Mimi nilikuwa nasikiliza sauti yangu ya zamani ikitoka mdomoni mwako.

Halafu mtihani ukaja na swali ambalo ulinionyesha wiki mbili zilizopita. Mtoto mchanga ana tundu kwenye ukuta kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Eleza kwa nini mwanzoni hageuki rangi ya samawati, na kwa nini anahema na kutokwa jasho akinyonya. Wewe ukaorodhesha vali zote nne kwa mpangilio, bila kosa. Ukapewa sifuri. Jibu lile ni langu, mwanangu. Hata mwandiko unafanana na wangu.

Ulipofeli ulituficha wiki tatu. Na wa kwanza kumwambia ni Koko, tena kwa sababu aliuliza. Yeye ndiye aliyekuja kuniambia, ameshika ukuta njia nzima kutoka chumbani kwake: "Mtoto ameanguka mtihani. Na anaogopa wewe, haogopi mtihani. Mwambie ile ya mbavu." Nikasema nitakuambia. Nimesema hivyo kila siku tangu hapo.

Nilijaribu Jumapili, tulipokuchinjia mbuzi wa safari. Uliniona nikizunguka na kisu kama mtu aliyepoteza kitu. Maneno hayakutoka, nikakupa moyo wa mbuzi badala yake, na bomba la sindano. Ulinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Kisha ukaupasua, ukatia kidole gumba upande wa kushoto, ukatia upande wa kulia, ukasema, "Baba, huu ukuta wa kushoto ni mnono sana." Nikanyamaza. Sijui nilipata wapi akili ya kunyamaza. Ukachukua mwingine, wa yule mbuzi wa jirani aliyechinjwa siku hiyo hiyo, ukatoboa ukuta wa katikati na ncha ya kisu, ukajaza maji upande wa kushoto kwa lile bomba, ukabana. Maji yakapita tunduni yakatokea ule mshipa wa kwenda mapafuni. Koko akapiga kelele kutoka kitini kwake, "Nyinyi mnachezea chakula!"

Wewe hukumsikia. Ulikuwa umesimama na maji yanakudondokea viatuni. "Si inaenda huku kwa sababu huku ndiko kuna nguvu? Hiyo damu imeshatoka kwa mapafu, iko na hewa, kwa hivyo mtoto hatakuwa bluu. Lakini inarudi tena kwa mapafu, inajaa. Ndiyo maana anahema. Na kunyonya ni kazi, kwa hivyo atatoka jasho." Kisha ukasema polepole, "Aki baba, hii si ngumu. Niliandika nini mimi?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajifanya naangalia moto. Nililia, kama unataka kujua. Moshi haukuhusika.

Mbuzi alinidanganya kwenye mbavu, akanena kweli kwenye moyo, na kwa Koko alikuwa ndiye jibu lenyewe na mimi nimemfungia nje. Sina kanuni ya kukupa ya kujua ni lini umwamini na lini usimwamini. Ningekuwa nayo ningekupa kesho pamoja na maandazi. Ninachojua ni kwamba nilipoogopa kuchekwa niliacha kujibu, na nilipopenda kusifiwa niliacha kuuliza, na kati ya hayo mawili la pili ndilo lililomvunja mtu mgongo.

Kwenye bahasha hii utakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni barua niliyopewa na chuo mwaka ule: anatomia, amefeli, arudie. Koko ndiye aliyeitunza miaka yote hii, kwenye mkebe wake wa shanga, na leo mchana amenipa bila kuulizwa. Kaa nayo. Siku ya mtihani ikikushika hofu, isome, kisha fungua mdomo hata kama wanacheka.

Ukifaulu, nitafurahi mpaka mama yako anionee haya. Ukifeli, panda gari urudi hapa nyumbani, mimi ndiye nitakayekungojea kwenye steji, na sitakuuliza swali lolote kabla hujala. Nimechoka, Simaloi, nimechoka na kazi hii ambayo bado naipenda, lakini sijachoka na wewe hata siku moja. Ningepaswa kukuambia hivyo kwa mdomo. Huenda kesho nikashindwa tena, kwa hiyo nimeandika.

Kitu cha mwisho. Kesho kabla hujabeba begi, ingia kwa Koko, uinamishe kichwa akuguse kwa salamu. Kisha muulize ameamkaje. Atakujibu "sidai", kwamba ni vizuri tu, kama anavyonijibu mimi kila asubuhi nami napita kwenda kazini. Usipite. Gari lina nafasi ya kukungoja kidogo. Vuta kile kigoda chake, ukae, umuulize tena.

Ni mimi baba yako, mwenye mbavu kumi na tatu.